Jina la Kopo Si Kipimo

Katika masoko ya Moshi, tangu Mbuyuni na Soko la Kati mjini hadi Marangu Mtoni na Mwika huko mlimani, lipo neno moja ambalo mnunuzi hulisikia kabla hata hajatajiwa bei. Neno hilo ni sado. Maharage hupimwa kwa sado, karanga kwa sado, nyanya kwa sado, viazi kwa sado. Wengine hulitia kiambishi cha udogo wakasema kisado, na wapo ambao bado hulitamka kwa urefu wake wa zamani, sadolini. Neno nalo husafiri pamoja na shehena. Mfanyabiashara wa Darajani au wa Chake Chake anayeulizia hali ya soko la bara kabla ya kuagiza maharage anaweza kutajiwa bei ya sado, naye hana budi kujiuliza: sado ni nini, na ndani yake mna kiasi gani?

Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura, lakini hayafanani kwa uzito. La kwanza ni swali la lugha, na jibu lake linajulikana. La pili ni swali la haki, na jibu lake hutegemea ni nani aliyekishika chombo. Leo tunapenda kuyatazama yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa tunaamini kwamba neno hili dogo linabeba jambo linalowahusu mkulima wa mlimani, mlaji wa visiwani na ofisa wa Serikali popote alipo.

Tuanze na asili. Sadolin ni jina la ukoo wa Kidenmaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu wa ukoo huo alianza kazi ya kutengeneza rangi katika mji wa Copenhagen, na jina lake likabaki juu ya makopo hata baada ya kampuni kuungana na kubadilisha wenyewe. Rangi hizo zikafika Afrika Mashariki, zikapakwa kwenye kuta na milango ya nyumba zetu. Fundi alipomaliza kazi yake, kopo lilibaki. Lilikuwa kopo zuri: imara, lenye mdomo mpana, lenye mkono wa waya, na lenye kuchukua lita 4. Katika nyumba ya mwananchi wa kawaida chombo cha namna hiyo hakitupwi. Kilioshwa, kikatiwa maji, kikawekewa unga, na mwishowe kikachukuliwa sokoni kupimia nafaka.

Hapo ndipo jina la mtengenezaji wa rangi lilipogeuka kuwa jina la chombo. Kiswahili kikalipokea kwa desturi zake. Kwanza kililiongezea irabu mwishoni, kwani lugha yetu haipendi neno lifunge mdomo kwa konsonanti, likawa sadolini. Kisha wauzaji, ambao kwa siku nzima hulitamka mara mamia, wakalikata mkia likawa sado. Mwisho likavikwa kiambishi cha ngeli ya ki- na vi-, likawa kisado na visado, sawasawa na kikapu na vikapu. Kijana aliyezaliwa Moshi katika miaka ya karibuni hulitumia neno hili bila ya kufikiria rangi wala Denmaki. Kwake yeye sado ni neno la nyumbani kama chungu na kinu, na wala hakosei. Neno lililokwisha kupata ngeli, wingi na udogo limekwisha kupata uraia.

Wako watu wanaokunja uso wanaposikia maneno ya namna hii. Husema kwamba jina la bidhaa si Kiswahili na kwamba lugha inachafuliwa. Sisi hatukubaliani nao. Lugha yetu imekuwa ikifanya kazi hii tangu zamani. Bibi zetu waliiita nguo ya pamba iliyotoka Marekani merikani, na hakuna aliyewalaumu. Neno kopo lenyewe, ambalo leo hatuwezi kupika wala kuoga bila ya kulitaja, lilitokana na Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya bilauri. Birika ni la Waarabu. Karai ni la Wahindi. Hata mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 uliondoka madukani na jina lake la mitaani, mfuko wa Rambo, jina la shujaa wa filamu za Kimarekani. Vyombo huja na majina yao kama wageni wanavyokuja na majina yao. Tukiwakubali wageni nyumbani, hatuwezi kuwataka wabadilishe majina mlangoni.

Lakini katika ukoo huu wa majina ya vyombo, lipo moja linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo kaka wa sado. Neno hilo ni debe. Asili yake ni Bara Hindi, ambako dabba ni kopo au sanduku dogo lenye kifuniko. Hadi leo katika mji wa Mumbai wapo watu ambao kazi yao ni kubeba makopo ya chakula cha mchana kutoka majumbani hadi maofisini, nao huitwa kwa jina la chombo hicho, dabbawala. Katika pwani yetu neno hilo lilishikamana na chombo kimoja maalumu, yaani bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza. Mabati hayo yalifika katika bandari zetu mawili mawili ndani ya makasha ya mbao, kisha yakapanda bara kwa vichwa vya wapagazi, na baadaye kwa reli.

Huko Kilimanjaro misafara ya Waswahili kutoka Pangani, Vanga na Mombasa ilikuwa ikifika kutafuta pembe za ndovu tangu kabla ya Johannes Rebmann kuuona mlima huo mwaka 1848. Vyombo vya wenyeji wakati huo vilikuwa vibuyu vya kila ukubwa, vyungu, na kata za kunywea mbege, pombe ya ndizi na ulezi ambayo haikosekani katika shughuli ya Mchagga. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na bidhaa za bandarini zikapata njia nyepesi ya kufika mlimani. Debe likawa ndoo ya kuchotea maji, likawa sufuria ya kuchemshia maji ya shughuli, likapasuliwa likawa paa la banda. Na katika mashamba ya kahawa likawa kipimo cha ujira: mchumaji alilipwa kwa idadi ya madebe ya buni mbichi aliyoyajaza.

Galoni 4 za Kiingereza ni lita 18 na kidogo. Hicho ndicho kilichokuwa kiasi cha debe la kwanza, na kilikuwa hivyo kwa sababu kiwanda kilichotengeneza bati hakikuwa na haja ya kumdhulumu mchumaji wa Kibosho. Debe lilikuwa kipimo cha haki kwa bahati tu: mabati yote yalikuwa sawa. Bahati hiyo imekwisha. Mabati ya mafuta ya taa yalipotoweka, ndoo ya plastiki ya lita 20 ilirithi kazi ya debe, na pamoja na kazi ikarithi jina. Anayeuza debe la mahindi kwa ndoo hiyo hutoa karibu lita 2 zaidi ya debe la babu yake. Katika gunia moja la madebe sita, tofauti ni kiasi cha lita 11. Jina halikubadilika hata herufi moja, lakini nafaka imeondoka.

Hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Jina la chombo hubakia palepale hata pale chombo kinapobadilishwa chini yake. Mwenye kutumia jina huamini kwamba anataja kiasi, kumbe anataja kopo, na kopo lina mwenyewe.

Turudi sasa kwenye sado. Kopo la kwanza la rangi lilikuwa la lita 4, na kwa muda fulani makopo yote yaliyofika sokoni yalitoka katika kiwanda kimoja au viwanda vilivyofuata ukubwa mmoja. Siku hizi vyombo vingi vinavyoitwa sado havikupata kubeba rangi hata tone. Ni vindoo vya plastiki, vingine vikubwa kidogo, vingine vidogo kidogo, vyenye vitako vya kila namna. Tena kila mwenye kuishi sokoni anazijua hila zake. Kopo la bati hubonyezwa kitako kwa ndani. Cha plastiki hutiwa katika maji ya moto kikavutwa au kikafinywa. Mdomo hukatwa kwa msumeno kiasi cha upana wa kidole. Anayenunua kwa mkulima huchagua kile kilichotanuka, na anayemuuzia mlaji huchagua kile kilichonywea, na vyote viwili huitwa sado mbele ya mashahidi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme sado kamili ya lita 4 inachukua kilo 3 za mahindi. Kitako kikibonyezwa hata kopo likapoteza sehemu moja tu ya kumi, jambo ambalo jicho la mnunuzi haliwezi kuligundua, mlaji hukosa gramu 300. Hizo si nyingi, na hakuna atakayezigombania. Lakini muuzaji akipima mara 40 kwa siku amebakiwa na kilo 12, yaani sado nne kamili ambazo zimelipiwa na hazikutolewa. Kwa upande wa pili, mwanamke aliyeteremka na mzigo kutoka mlimani na kuupima kwa sado iliyotanuka kwa kiasi hicho hicho, kila anapouza sado kumi ametoa ya kumi na moja bure. Hakuna aliyempora njiani. Ameporwa ndani ya neno.

Tumesema mwanamke, na hatukusema hivyo kwa kupitiwa. Katika uchumi wa Mchagga kahawa kwa desturi ilikuwa mali ya mwanamume, na ndizi, maharage na biashara ya sokoni vilikuwa vya mwanamke. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walitambua mapema kwamba asiyemiliki mizani hamiliki mavuno yake. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wenyeji, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho kilikuwa cha kwanza cha aina yake katika Tanganyika. Pamoja na mengine yote, ushirika ulileta mizani kijijini. Kahawa ilipimwa kwa uzito, ikapangwa kwa madaraja, ikaandikwa kwenye stakabadhi. Mkulima aliyekuwa na shaka aliweza kuonyesha karatasi na kudai.

Maharage ya mkewe hayakupata mizani wala karatasi. Yaliendelea kupimwa kwa kopo, na mwenye kopo alikuwa mnunuzi. Hivyo katika nyumba moja, na pengine katika kihamba kimoja ambamo mibuni na maharage vimesimama chini ya migomba ile ile, zao moja lilitoka kwa kilo na jingine likatoka kwa jina. Hali hiyo haijaondoka. Bei ya kahawa hutangazwa kwa uzito katika mnada wa Moshi na kufuatiliwa hadi ng'ambo. Bei ya maharage hutangazwa kwa sado, na wala hatuambiwi ni sado ya nani.

Msomaji wa visiwani anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya watu wa bara. Tunamkumbusha kwamba sisi tulikwisha kuyapitia, na kwamba tuliyatatua kwa njia yenye busara kubwa. Visiwa vyetu vina kibaba na pishi. Kibaba asili yake ni chombo cha kupimia nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja, ambayo kwa mchele ni kiasi cha ratili 6. Wazee wetu walijua kwamba kukitaja chombo peke yake hakutoshi, kwa hiyo waliongeza neno la namna ya kujaza. Kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa mpaka kikafanya kilele. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa kwa mkono au kwa ubao, kikawa sawa na mdomo wake. Mtu akiagiza mchele alisema anataka cha tele au cha mfuto, na bei ilifuata. Katika maneno hayo mawili mlikuwa na sheria nzima ya biashara.

Zaidi ya hayo, pishi ilifungwa kwa kamba iliyo imara kuliko amri ya soko. Zaka ya fitri hutolewa kwa kipimo cha saa, na saa ni mudi nne. Masheikh wetu walipowafundisha watu, waliifananisha saa na pishi na mudi na kibaba. Kwa hiyo kila mwaka, Ramadhani inapokwisha, kila mwenye nyumba alilazimika kuuliza kama pishi yake ni kamili, kwani aliyepunguza hakumpunja jirani peke yake. Hata leo, pale kiasi hicho kinapotajwa kwa kilo mbili na nusu hivi, wazee bado huliita pishi. Na wachumaji wa karafuu wa Unguja na Pemba waliolipwa kwa pishi, na wenye mashamba waliouza karafuu kavu kwa frasila ya ratili 35, wote walisimama juu ya vipimo ambavyo mtu yeyote aliweza kuvidai mbele ya kadhi au mbele ya ofisa.

Hatusemi kwamba pishi haikuchezewa. Penye biashara pana hila, na ndiyo maana Qurani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin, na Biblia nayo hulaani mizani ya udanganyifu. Tunachosema ni kwamba pishi ilikuwa na pa kurejea. Mwenye shaka alikuwa na kiasi kinachojulikana cha kulinganishia. Sado haina pa kurejea. Aliyepunjwa kwa sado hawezi hata kusema amepunjwa, kwa maana atajibiwa kwamba sado ni hiyo hiyo uliyoiona kwa macho yako.

Wala si lazima chombo kikiwa kigeni au cha kawaida kishindwe kuwa kipimo cha haki. Mfano mkubwa kuliko yote uko mbele ya dunia kila siku. Mafuta ghafi ya petroli huhesabiwa kwa mapipa. Katika miaka ya 1860, wachimbaji wa Pennsylvania huko Marekani walikuwa wakiyatia mafuta katika mapipa ya mbao ya kila namna, yaliyokuwa yamebeba pombe, samaki na vinginevyo, na ugomvi kati ya wauzaji na wanunuzi haukuisha. Mwishowe walikubaliana kwamba pipa liwe galoni 42 za Kimarekani, yaani lita 159 hivi. Leo mafuta hupita katika mabomba na meli, na lile pipa la mbao halionekani tena. Lakini pipa kama kipimo lipo, na hakuna mfalme wala kampuni inayoweza kulibonyeza kitako. Jina lilikuwa la chombo. Makubaliano ndiyo yaliyolifanya kuwa kipimo.

Basi jawabu la tatizo la sado si kulifuta neno, wala si kuwafukuza akina mama sokoni na vindoo vyao. Tumesikia mara kwa mara wito kwamba vyombo hivi viachwe na kila mtu atumie mizani. Wito huo ni wa haki na tunauunga mkono kwa mazao yanayouzwa kwa wingi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iliyotungwa mwaka 1982, ipo. Wakala wa Vipimo ulioanzishwa Tanzania Bara mwaka 2002 upo, na umepambana na lumbesa, yaani gunia lililofumwa kilemba cha wavu ili lipokee zaidi ya haki yake. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini ni lazima tuseme ukweli. Anayeuza maharage ya shilingi elfu chache juu ya gunia lililotandikwa chini hana mizani, na mizani aliyo nayo jirani yake mara nyingine haiaminiki kuliko kopo. Akiambiwa aache sado leo, kesho atapima kwa bakuli, na keshokutwa kwa fungu, na tutakuwa tumehama kutoka kipimo kibovu kwenda pasipo na kipimo.

Sisi tunapendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wa maofisa wetu.

La kwanza, sado itambuliwe kwa kiasi. Mamlaka za vipimo za Tanzania Bara na Zanzibar zikae pamoja zitamke kwamba sado ya sokoni ni lita 4, ya mfuto, isipungue wala isizidi. Kindoo kipigwe alama ya mstari na muhuri, kama vile mizani inavyohakikiwa, na chombo kisicho na muhuri kisipimie chakula cha kuuza. Kwa kufanya hivyo tutaondoa pia desturi ya kupimia chakula katika makopo yaliyowahi kubeba rangi, desturi ambayo kwa afya ya watu haina utetezi.

La pili, katika kila soko, tangu Mbuyuni hadi Mwanakwerekwe, kiwekwe chombo kimoja cha kulinganishia, kilichofungwa mnyororo katika ofisi ya soko, na mizani moja iliyo wazi kwa mtu yeyote bila ya malipo. Mnunuzi mwenye shaka apeleke alichonunua, apime, arudi kudai. Kipimo kimoja kinachoaminika katikati ya soko huwatia adabu wenye vipimo mia vilivyokizunguka.

La tatu, matangazo ya bei yanayotolewa na ofisi za umma yatajwe kwa kilo kwanza, kisha kwa sado, na wala si kwa sado peke yake. Mfanyabiashara wa Wete akisikia bei ya Moshi aweze kuilinganisha na bei ya Tanga bila ya kulazimika kuuliza ukubwa wa kopo la mtu asiyemjua.

La nne linawahusu wataalamu wa lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu mwaka 1967. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitupatia Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Tunayaomba mabaraza haya mawili yayape maneno ya vipimo vya sokoni maelezo yaliyo kamili: asili ya neno, chombo chake, na kiasi chake. Isitoshe kuandika kwamba sado ni kopo la kupimia vitu. Maelezo ya namna hiyo humpa mdanganyifu hifadhi. Kiasi kikiandikwa ndani ya kamusi, mwanafunzi wa Machame na mwanafunzi wa Makunduchi watajifunza jambo moja, na wakikutana sokoni siku moja, mmoja akiwa muuzaji na mwingine mnunuzi, watakuwa na neno moja lenye maana moja.

Tena tunadhani kwamba katika jambo hili watu wa visiwani wana kitu cha kuwapa ndugu zao wa mlimani. Maneno tele na mfuto yamezoeleka kwetu na huko Moshi hayasikiki sana. Yavuke bahari kwenda kule, kama sado ilivyovuka kuja huku. Mama wa Marangu akiweza kumwambia mchuuzi kwamba sado aliyopatana naye ni ya mfuto, atakuwa amepata silaha isiyomgharimu hata senti moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ina sharti ambalo halikutajwa kwa kuwa wakati ule lilieleweka na wote: kibaba chenyewe lazima kiwe na kitako kilichonyooka. Kitako kikiwa kimepanda juu, kibaba hujaa upesi na nyumba hubaki na njaa.

Maofisa wetu wa biashara, wa vipimo na wa lugha wamezoea kufanya kazi mbalimbali katika ofisi mbalimbali. Kwa neno hili moja tunawaomba wakutane. Wa lugha waseme neno lilitoka wapi, wa vipimo waseme linachukua nini, na wa biashara wahakikishe kwamba linachukua hivyo kila siku ya soko. Mkulima wa kahawa alipata mizani yake takriban miaka mia iliyopita kwa kuidai. Mwenye maharage bado anangoja, na kopo linalopima jasho lake liko mkononi mwa mwingine.